Mwenye Nyumba na Mpangaji Katika Mji wa Machakos

Katika miji ya bara ya Kenya, Machakos ndio uliotangulia kuwa makao ya utawala wa kigeni, na kwa hiyo ndio uliotangulia kuona jambo ambalo wenyeji wa vilima vya Iveti na Mua hawakulizoea, yaani mtu kulala katika nyumba ambayo si yake wala si ya baba yake, na wala hakualikwa kuwa mgeni ndani yake, bali ametoa fedha ili alale. Zama za Masaku wa Munyati, mzee mtabiri ambaye mji umechukua jina lake, aliyelala chini ya paa la Mkamba alikuwa mtu wa musyi ule, yaani boma lile, kwa kuzaliwa au kwa kuolewa, ama alikuwa mgeni. Na mgeni aliulizwa habari za alikotoka, akapewa chakula na mahali pa kujinyosha, wala hapakuwa na hesabu baina yake na mwenyeji wake ila ile ya wema, ambayo hulipwa siku nyingine na mahali pengine. Nataka kueleza jinsi hesabu ya pili, ile ya kila mwisho wa mwezi, ilivyoingia katika mji huu, na jinsi mwenye nyumba, ambaye mwanzo alilala ng'ambo ya ukuta mmoja na mpangaji wake, alivyozidi kusogea mbali naye kizazi baada ya kizazi, hata leo wengi wao hawajuani kwa sura. Naamini ya kuwa karibu kila sheria iliyotungwa juu ya mambo haya imetungwa ili kuziba pengo aliloliacha mwenye nyumba alipohama.

Si kwamba Wakamba hawakujua mtu kukaa juu ya ardhi ya mwenziwe. Ardhi yao ilikuwa na daraja zake: palikuwa na weu, nyika ya malisho ambayo ilikuwa ya wote, palikuwa na kisesi, kipande cha malisho ambacho mtu amekitia alama na kudai matumizi yake, na palikuwa na ng'undu, shamba lililokwisha kulimwa likawa milki ya mtu na kurithiwa na wanawe. Aliyekaribishwa kujenga au kulima juu ya ng'undu ya mwingine alikaa kwa ridhaa ya mwenyewe, na mipaka ya ridhaa hiyo ilijulikana na wazee wa utui, yaani wa kijiji, maana mgeni wa ardhi hakuweza kuiuza wala kuirithisha, hata akikaa umri wake wote na kuzikwa na majirani. Hati haikuhitajiwa, kwa sababu mashahidi walikuwa wakiota moto pamoja kila jioni katika thome, kile kiwanja cha wanaume mbele ya boma. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa mwandishi mwepesi angeweza kusema kwamba Wakamba walipata habari za umiliki kutoka kwa Wazungu, na kusema hivyo ni kuwadhulumu. Umiliki waliujua barabara. Kilichokuwa kigeni kwao ni kukodisha paa.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kifalme, na mwaka uliofuata ikaweka kituo chake kwa Masaku, katika njia ya misafara iliyokuwa ikipanda kutoka Mombasa kwenda Uganda. John Ainsworth alikuja kukisimamia kituo hicho mwaka 1892, na serikali ya Uingereza ilipoitwaa nchi mikononi mwa Kampuni mwaka 1895, Machakos ukawa makao makuu ya jimbo la Ukamba. Kituo kilikusanya watu ambao hawakuwa na ng'undu katika nchi ile wala hawakuwa na ukoo wa kuwakaribisha: askari, wapagazi kutoka pwani na Unyamwezi, wakalimani, wapishi, mafundi, na wafanya biashara wa Kihindi waliofuata bendera na mizigo yao ya nguo na chumvi. Baadhi yao walikuwa wa kupita, na baadhi walioa wanawake wa Kikamba wakakaa. Mtaa wa Waswahili uliozaliwa pale, ambao mpaka sasa sehemu yake huitwa Mjini, ulikuja na msikiti wake na mavazi yake, na ukaja pia na aina ya nyumba ambayo bara haikuwa nayo.

Nyumba hiyo yastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo mwalimu wa kwanza wa upangaji katika nchi nzima ya juu. Ina mlango mmoja wa mbele, ambao ukifunguliwa waona ukumbi mrefu mwembamba unaokwenda moja kwa moja mpaka uani. Kulia na kushoto kwa ukumbi ni vyumba, aghalabu vitatu kwa vitatu. Mbele kuna baraza ya udongo iliyokandikwa, ambapo wanaume hukaa jioni. Na nyuma kuna ua wenye jiko, pipa la maji na choo. Kuta ni fito na udongo. Paa ambalo pwani huwa la makuti, huku bara lilikuwa la nyasi, kisha likawa la madebe ya mafuta ya taa yaliyofumuliwa na kunyoshwa kwa nyundo, na mwisho likawa la mabati. Nyumba namna hii hukubali kugawanywa bila ya kubomolewa hata udongo wa kiganja kimoja: mwenyewe hujiwekea chumba kimoja au viwili vilivyo karibu na mlango, na vilivyobaki huvipangisha kimoja kimoja, kwa mpagazi huyu, kwa fundi cherehani yule, kwa mjane wa askari. Arudiye usiku wa manane lazima apite mbele ya mlango wa mwenye nyumba. Akipata wageni, mwenye nyumba huwaona. Akiugua, mwenye nyumba husikia kikohozi chake. Na akishindwa kulipa, sababu ya kushindwa kwake yajulikana na nyumba nzima kabla hajafungua kinywa. Mwenye nyumba naye hawezi kuacha paa livuje, kwa kuwa likivuja ukumbini huwavujia wote.

Katika miji ya pwani ilikotoka nyumba hii palikuwa na desturi nyingine iliyoambatana nayo, ya nyumba kuwa ya mmoja na kiwanja kuwa cha mwingine. Hata leo katika Majengo ya Mombasa wapo wenye nyumba wasio na ardhi, ambao hulipwa na wapangaji wao na wao wenyewe humlipa mwenye kiwanja. Madhali mwenye kiwanja alikuwa tajiri wa mtaa, aliyependa kuwa na watu wengi karibu naye kwa heshima yake, malipo yalikuwa haba na mara nyingine hayakutakiwa kabisa. Lakini viwanja vilipoingia mikononi mwa watu waliovinunua kwa ajili ya faida, mambo yaliharibika. Ng'ambo ya Unguja iliona hayo mwaka 1928, wakazi walipogoma kulipa kodi ya ardhi mpaka serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuizuia isipandishwe ovyo. Wakazi wale hawakukataa kwamba ardhi ina mwenyewe. Walikataa kwamba mtu aweza kununua karatasi leo na kesho akawa na haki zote za yule aliyewakaribisha babu zao, bila ya kuwa na wajibu wake hata mmoja.

Machakos haukufika huko, kwa sababu ambayo ilikuwa msiba kwake. Reli ilipopanda kutoka pwani ilifuata nyanda za Kapiti na Athi, ikauacha mji upande mmoja chini ya vilima vyake, na mwaka 1899 ilipofika Nairobi, Ainsworth akahamisha makao ya jimbo kwenda huko. Miaka ile ile, 1898 na 1899, Ukambani palikuwa na ile njaa kuu ambayo Wakamba huikumbuka kwa jina la Ngomanisye, ikaua watu wengi na kuwatawanya wengine. Mji uliokuwa ukitarajia kukua ukabaki mji wa wilaya, wenye barabara chache, maduka ya Kihindi yenye veranda mbele na vyumba vya kulala nyuma, boma la Bwana DC, jela, soko na ule mtaa wa Waswahili. Chumba hakipati thamani pasipokuwa na mtu wa kukitafuta, na waliokuwa wakitafuta vyumba walikuwa wamekwenda Nairobi, umbali usiofika hata kilomita 70.

Kwa hiyo Mkamba wa Machakos alijifunza habari za kodi akiwa mpangaji katika mji wa watu wengine kabla hajawa mwenye nyumba katika mji wake. Kodi ya kibanda, ambayo serikali ilianza kuitoza mwaka 1901, ilimtoa nyumbani kutafuta rupia. Kipande, yaani cheti cha kumtambulisha mfanyakazi, kilichotiwa nguvu baada ya vita vya kwanza vya dunia, kilimwandama kila alikokwenda. Na kule Nairobi alikuta kwamba mahali pa kulala ni pa tajiri wake, ama ni kitanda katika nyumba ya Pangani au ya Pumwani. Pumwani ilianzishwa kati ya mwaka 1921 na 1922 kuwa mtaa wa Waafrika uliokubaliwa na baraza la mji: baraza lilitoa viwanja kwa malipo, na wenyeji wakajenga nyumba zao wenyewe kwa mtindo ule ule wa Kiswahili, vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Wengi katika wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Ni jambo ambalo historia za kawaida hulipita kwa haraka na mimi sipendi kulipita hivyo. Mwanamke ambaye kwa mila za kwao asingerithi shamba, ambaye pengine alikimbia njaa au ndoa mbaya, aliweka akiba senti kwa senti, akajenga, akapangisha, na akawa mtu wa hadhi ambaye wanaume waliomlipa kodi walimwamkia kwa adabu. Vijana wa Ukambani waliolala katika nyumba za akina mama hao walirudi kwao wakijua kwamba nyumba yaweza kumlisha mtu asiye na jembe wala ng'ombe.

Kujua kwao hakukuwafaa mara moja. Ardhi ya miji ilikuwa ya Mfalme kwa sheria za mwaka 1902 na 1915, na Mwafrika katika mji alihesabiwa kuwa mtu wa kupita, ambaye ana makao yake ya kweli katika hifadhi ya kabila lake na ambaye kazi ikiisha atarudi huko. Nyumba aliyoijenga katika mtaa wa mji aliijenga juu ya kibali cha muda, na kibali cha muda hakimpi mtu moyo wa kujenga kwa mawe. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba za baraza la mji, na aliyekuwa mwenye nyumba jana akawa mpangaji leo. Walioona wakajifunza kujenga vya kubomolewa: udongo, fito, madebe. Watu waliolalamika kwamba vijiji vya Waafrika mijini ni vichafu na dhaifu walisahau kuuliza ni nani angeweka msingi wa jiwe juu ya karatasi inayoweza kufutwa kwa barua moja.

Wakati huo huo mali ya Mkamba nyumbani kwake ilikuwa ni mifugo, na mwaka 1938 mali hiyo ilishikwa kwa nguvu. Serikali, ikiogopa mmomonyoko wa udongo uliokuwa umeifanya Machakos kuwa na makorongo mekundu, iliamuru ng'ombe wapunguzwe, wakapigwa mnada kwa bei duni, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kinahitaji ng'ombe. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko wiki kadha wakikataa kurudi. Yeye akakamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kulazimisha. Ushindi ulikuwa wa wananchi. Hata hivyo nadhani somo lilibaki katika nyoyo za wengi, ya kwamba mali yenye miguu yaweza kuondolewa zizini kwa amri ya siku moja. Na mtu akitazama jinsi askari wa KAR, jeshi la Waafrika la koloni, na polisi wa Kikamba walivyotumia fedha zao waliporudi kutoka Burma na kwingineko baada ya vita vya pili, ataona kwamba ng'ombe waliendelea kununuliwa, lakini kando yao palianza kuonekana duka la mabati sokoni Tala, Kangundo, Masii au Machakos penyewe, na nyuma ya duka vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Chumba hukamuliwa mara moja tu kwa mwezi, lakini hakifi kwa kiangazi.

Mwaka 1950 Ernest Vasey, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa koloni, alitoa ripoti juu ya makao ya Waafrika katika miji na vituo vya biashara, akashauri Waafrika wasaidiwe kujenga na kumiliki nyumba zao. Na mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter ikasema kwamba mshahara wa mfanyakazi wapaswa kumtosha yeye na mkewe na watoto, pamoja na mahali pa kukaa. Ripoti hizo zilikuwa za kheri, ingawa zilichelewa. Mwaka huo huo wa 1954, mwezi wa Aprili, msako mkubwa ambao serikali ya koloni iliufanya Nairobi dhidi ya wapigania uhuru uliwaondoa Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, na Wakamba, pamoja na Wajaluo na Waluhya, wakaingia katika kazi na vyumba vilivyoachwa wazi. Ni hesabu chungu, na sioni haja ya kuifunika: vyumba vingi walivyovipanga wazee wetu vilikuwa vimehamwa kwa mtutu wa bunduki. Wakati ule ule mpango wa kilimo wa Swynnerton ulifungua mlango wa kahawa na wa hati za ardhi, na hati ya ardhi, ambayo ilikusudiwa kumsaidia mkulima kukopa ajipatie mbegu na matuta, ikawa katika miaka iliyofuata dhamana ya mikopo ya kujengea vyumba. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ikapanda duniani kote, baadhi ya fedha za mibuni ya Iveti na Kangundo ziligeuka kuwa ada za shule, na baadhi zikageuka kuwa mawe ya kuchonga.

Hapo ndipo ilipozaliwa ploti, na ploti si nyumba ya Kiswahili. Ukumbi wa katikati umekufa. Mahali pake ni uwanja mwembamba wa saruji, wenye safu ya vyumba mkono huu na safu nyingine mkono ule, milango ikitazamana. Kila chumba kina futi kumi kwa kumi, dirisha moja lenye vyuma, na pazia linalogawa kitanda na viti. Mwisho wa uwanja kuna choo na bafu, na penye lango kuna mfereji mmoja, ambao katika mji huu wenye shida ya maji huwekewa kufuli, ukafunguliwa saa zilizotajwa, mitungi ya manjano ikapangwa foleni kabla jua halijachomoza, kwa kuwa bwawa la Maruba linalounywesha mji lilikuwa limejaa mchanga miaka mingi. Mwenye ploti wa kwanza alikaa katika ploti yenyewe, katika vile vyumba viwili vya langoni, akiwa na daftari la risiti lenye karatasi ya kaboni: nakala ya juu humpa mpangaji, ya chini hubaki kwake, na tarehe tano ya mwezi ikipita huanza kupiga hodi kwa sauti ambayo majirani huijua maana yake. Alikuwa mkali, aghalabu, na watu wa rika langu wanaweza kutaja majina. Lakini alikuwapo. Aliyefiwa aliweza kuomba asubiriwe mwezi, na aliyeomba na aliyeombwa wakatazamana machoni.

Tukumbuke sasa sheria, ambazo zilikuwa zikija nyuma ya mambo kama kawaida yake. Mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza na bidhaa zikipanda, serikali ya koloni ilitunga sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe. Mwaka 1959 ikaja ile ambayo mpaka hivi karibuni watu wameijua kwa jina la Sura ya 296, iliyoweka baraza la kuamua kodi ya haki na kumkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila ya amri ya baraza hilo. Ndani yake mna kifungu ambacho naona kimebeba insafu kubwa kuliko vingine vyote: kinafanya kuwa ni uhalifu mwenye nyumba kumkatia mpangaji huduma au kumuudhi kwa kusudi la kumfanya ahame au akubali kodi kubwa. Kwa maneno mengine, kufuli juu ya kufuli, mlango ulioondolewa bawabani, bati lililofumuliwa juu ya kitanda cha mtu, taa iliyozimwa kwa makusudi, yote hayo yalikwisha kuwa makosa zamani, na bado hutendeka. Udhaifu wa sheria hiyo ni kwamba inawakinga wale tu ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho zamani kilifunika karibu kila mpangaji wa kawaida. Leo nyumba nyingi za mji zimekivuka, na wakaazi wake wameachwa nje ya kinga bila ya mtu kuamua kuwatoa, kwa kupungua tu kwa thamani ya fedha.

Wenye maduka walipewa sheria yao mwaka 1965, Sura ya 301, nayo ikaleta utulivu ambao wapangaji wa vyumba hawakuujua. Mwenye duka asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano, hawezi kutolewa wala kupandishiwa kodi ila kwa notisi ya maandishi katika fomu iliyowekwa, ya muda usiopungua miezi miwili, na akikataa aweza kwenda mbele ya baraza. Sheria hiyo ilikuja wakati maalumu. Maduka ya barabara kuu za Machakos yalikuwa ya Wahindi, na sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ilipowabana wafanya biashara wasio raia, majengo mengi nchini yalibadili mikono, mengine kwa mikopo ya shirika la serikali la maendeleo ya viwanda na biashara. Mpangaji Mwafrika akamkuta mwenye nyumba Mwafrika mwenziwe, na wapo waliodhani kwamba kwa kuwa lugha ni moja mambo yatakuwa mepesi. Wengine waligundua kwamba jamaa hudai kodi kwa haraka kuliko mgeni, maana mgeni huogopa baraza na jamaa haogopi.

Katika miaka hii ya karibuni mwendo umekuwa wa kasi. Chuo cha ufundi cha Machakos kilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2011 na kupewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2016, na vijana waliokuja kusoma wakavijaza vitongoji vinavyokizunguka, ambako mashamba ya mahindi yamekatwa vipande na kujengwa mabweni ya watu binafsi. Serikali ya kaunti ilianza kazi mwaka 2013 ikaleta watumishi wake. Upande wa Nairobi, Mlolongo, Syokimau na Athi River, ambazo kwa ramani ni za Machakos na kwa maisha ni za Nairobi, zimeota maghorofa marefu, hasa baada ya reli mpya kuweka kituo Syokimau mwaka 2017 na barabara ya juu kufunguliwa mwaka 2022. Mwenye ghorofa hilo aweza kuwa Doha, Dallas au Karen. Mpangaji hamjui. Anamjua keateka, kijana mwenye funguo kiunoni, anayelala katika chumba kidogo chini ya ngazi, ambaye hana uwezo wa kusamehe hata siku moja kwa kuwa fedha hazipiti mikononi mwake; tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 kodi huruka kutoka simu hii hadi nambari ile, na risiti ni ujumbe mfupi. Mamlaka ya Mapato nayo imeingia katika hesabu: tangu Januari 2016 mwenye nyumba wa kawaida alitakiwa kutoa asilimia 10 ya kodi yote anayopokea, na tangu Januari 2024 asilimia 7.5.

Sitaki kumlaumu keateka, wala kudai kwamba wenye nyumba wote wa kale walikuwa na huruma, kwa sababu hawakuwa. Lakini angalia kilichopotea. Mkataba wa kupanga sasa ni kurasa nne kwa Kiingereza, na mpangaji wa chumba cha bedsita hutia sahihi kabla hajasoma. Amana ya mwezi mmoja au miwili hutolewa kwa ahadi ya kurudishwa, na siku ya kuhama hukatwa rangi, hukatwa kitasa, hukatwa kioo ambacho kilikuwa kimepasuka tangu awali, mpaka haibaki. Hakuna shahidi, kwani aliyeona kioo kile siku ya kwanza ni keateka aliyekwisha kuondoka. Wazee wa utui walimaliza mambo kama hayo kwa kikao cha jioni moja. Mswada wa kuzikusanya sheria zote za wenye nyumba na wapangaji katika sheria moja ulipelekwa Bungeni mwaka 2021, na miongoni mwa mambo uliyoyagusa ni notisi, kupandishwa kwa kodi, na kukatazwa kufungia watu nje. Nimeusoma kwa matumaini, na ninachokitaka kwa sheria ya namna hiyo ni kimoja tu zaidi ya vyote: baraza likae karibu, mahali ambapo mama muuza mboga wa Machakos aweza kwenda asubuhi na kurudi kibandani pake adhuhuri, kwa kuwa haki iliyo Nairobi humgharimu nauli na biashara ya siku nzima, na kodi anayoigombea pengine haizidi hiyo.

Tena liko jambo la mauti, ambalo wapangaji wa mji huu hulijua kuliko mawakili. Wengi katika waliojenga ploti za kwanza, askari wastaafu, walimu na wakulima wa kahawa, wamekwisha kufariki au wako katika uzee wa mwisho, na baadhi yao walikuwa na wake wawili au watatu. Kwa mila, kila nyumba ya mke ilikuwa na mashamba yake na ng'ombe zake, na wana wakarithi kwa nyumba ya mama yao. Ploti haikutajwa katika mila hiyo, kwa sababu haikuwapo. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika Julai 1981, yataka msimamizi ateuliwe na mahakama kabla ya mtu yeyote kugusa mali ya marehemu, na uteuzi huo hukaa miaka ndugu wakigombana. Mazishi hayajapita wiki, kijana wa nyumba ya kwanza hufika tarehe tano akidai kodi. Tarehe saba hufika wa nyumba ya pili na barua ya chifu. Keateka humtii aliyemlipa mwisho. Mpangaji aliyelipa huku huambiwa hajalipa kule, na paa likivuja wote wawili husema si lao mpaka mahakama iamue. Wapo wanaochangishana wakatengeneza mfereji kwa fedha zao, wakaandika kiasi katika daftari, kila mtu akatia sahihi, ili siku msimamizi atakapopatikana wamwonyeshe.